Kati ya Kufyatua na Kufyatuka

Vipo vitenzi viwili ambavyo kila mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili amewahi kuvipanga katika jedwali la minyambuliko na kuvipita bila kuvitafakari sana: fyatua na fyatuka. Cha kwanza kina mtendaji. Cha pili kimemwondoa mtendaji, kikaliacha tendo lisimame peke yake. Mimi nami niliwahi kuvipanga hivyo katika mwaka wangu wa kwanza chuoni. Yapata miaka miwili baadaye nilitakiwa kuchagua kati ya vitenzi hivyo kwa fedha taslimu, tena fedha za mtu mwingine, na mkono wa kaka yangu ukawa unautegemea uchaguzi huo.

Insha hii inahusu kifaa kidogo kitoshacho kiganjani, ambacho hutumiwa na wapiga upinde wa siku hizi kuuachia upote. Kwa kuwa kifaa chenyewe hakijazoeleka katika lugha yetu, nitakiita kifyatuo, kwa kuufuata mfano wa kizibuo. Jina hilo lina manufaa yake na lina dosari yake, na yote mawili nitayaeleza huko mbele.

Tuanze na upinde wenyewe. Upinde tunaoujua katika ngano ni ubao uliokunjwa kwa upote. Kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na uzito huo hufikia upeo wake pale pale unapotakiwa kutulia na kulenga. Upinde ninaouzungumzia ni upinde wa roda, ambao katika michezo huitwa kompaundi. Ulibuniwa na Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kupewa mwaka 1969. Katika ncha zake mna roda zisizo duara kamili. Mvutaji hupambana na uzito wote katikati ya safari, kisha roda zinapomaliza kugeuka uzito hupungua. Upinde wa ratili 50 ambao roda zake hupunguza asilimia 80 humwachia mvutaji ratili 10 tu za kushikilia anapolenga.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina gharama. Upinde wa roda ni mfupi, na upote wake unapovutwa hadi mwisho hutengeneza pembe kali inayovibana vidole. Aidha, vidole vitatu havifunguki kwa wakati mmoja. Kimoja hutangulia, kingine huchelewa, na upote huyumba kabla ya kuusukuma mshale. Ndiyo sababu wapiga upinde hawa hufunga kitanzi kidogo katikati ya upote, wakakishika kitanzi hicho kwa kifyatuo. Kifyatuo kina taya linaloshika kitanzi, na aghalabu kina ulimi ambao ukibonyezwa taya hufunguka.

Katika upinde wa Olimpiki uliozoeleka, kifaa hiki ni marufuku. Shehzana Anwar, aliyeibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Michezo ya Rio mwaka 2016, hupiga kwa upinde usio na roda, na upote wake huachiwa kwa vidole vilivyokingwa kwa kipande cha ngozi. Upinde wa roda una mashindano yake: shabaha huwekwa umbali wa mita 50, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita 8 tu. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba upinde huu utaingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, katika shindano la timu ya mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo jambo ninalolieleza si la watu wachache wa ng'ambo pekee; litatufikia kupitia redio na runinga, na watangazaji wetu watahitaji maneno.

Sasa nimweleze kaka yangu. Yeye ni mvuvi wa Dunga, ufuoni mwa Kisumu, na amevua ngege na mbuta tangu alipomaliza darasa la nane. Miaka mitatu iliyopita, dhoruba iliwakuta kwenye ghuba usiku, na kamba ya nanga ikamzunguka mkono wa kulia. Wenzake walimwokoa akiwa hai, lakini kidole chake cha pete na kile cha mwisho vilibaki ziwani. Baada ya hapo hakuweza tena kuzivuta nyavu zilizolowa. Akaketi ufuoni akishona nyavu za wengine, na mkono ule akauzoesha kukaa mfukoni. Wageni aliwasalimu kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu halipendezi, na watu walimsamehe kabla hajaomba radhi. Nadhani kusamehewa huko ndiko kulikomuumiza zaidi.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Japuonj, yaani mwalimu. Aliishi Marekani miaka mingi, na aliporudi alikuja na upinde wa roda. Ana shamba katika tambarare ya Kano, upande wa Ahero, ambako ameyapanga magunia yaliyojazwa matambara mbele ya kichuguu kikubwa, na huko ndiko anakopiga mishale yake asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Siku moja alimchukua kaka yangu akamsaidie kubeba magunia. Jioni kaka alirudi akiwa na swali moja: je, mtu mwenye vidole vitatu anaweza kuuvuta upinde ule?

Japuonj alimjibu kwamba kuvuta kunawezekana, ila kifyatuo chake yeye kimetengenezwa kwa mkono wenye vidole vyote. Itabidi kitafutwe kingine. Basi kaka akaniletea fedha za kazi ya miezi miwili ya kushona nyavu. "Omera," akaniambia, "wewe ndiye msomi. Nichagulie." Kifaa kingeletwa na binamu yetu aishiye ng'ambo, na kitu kilichovuka bahari hakirudishwi kwa sababu tu hakikuutosha mkono. Uchaguzi ulikuwa mmoja.

Vifyatuo ni vya aina nyingi, lakini anayeanza anaweza kuvigawa katika makundi manne. La kwanza ni kifyatuo cha kifundo. Hiki hufungwa kwa ukanda kwenye kifundo cha mkono, na ulimi wake hubonyezwa kwa kidole cha shahada. Uzito wa upinde hubebwa na kifundo, kwa hiyo vidole hubaki huru. Isitoshe, kifaa hakidondoki wala hakisahauliki nyasini. La pili ni kifyatuo cha gumba. Hushikwa kiganjani kwa vidole vitatu au vinne, na ulimi wake hukaa chini ya kidole gumba. La tatu ni kifyatuo cha bawaba, ambacho hakina ulimi kabisa. Mvutaji anapoendelea kuuvuta mgongo wake, kifaa huzunguka kidogo kidogo kiganjani hadi kitanzi kinapoponyoka. La nne ni kifyatuo cha mvutano. Hiki hupangiwa uzito fulani unaozidi kidogo ule wa kushikilia. Mvutaji akiisha kulenga huondoa kizuizi cha usalama, huendelea kuvuta, na uzito ukifika kiwango kile taya hufunguka lenyewe.

Wapo wanaosema kwamba vifaa hivi ni udanganyifu, kwamba mpiga upinde wa kweli ni yule atumiaye vidole vyake alivyojaliwa. Nililisikia neno hilo hata pale Kano, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuja kutazama. Alikuwa na haki ya kusema, kwani katika tambarare hiyo Waluo walisifika kwa mkuki na ngao, ilhali upinde ulijulikana zaidi kwa majirani waliokaa juu ya ile safu ya milima ya Nandi inayoonekana kutoka shambani. Lakini historia ya kuachia upote haiungi mkono hoja yake. Mwaka 1885 mtaalamu wa Marekani, Edward Morse, alichapisha uchunguzi wa namna ambavyo watu wa mataifa mbalimbali huuachia mshale, akaonyesha kwamba namna hizo ni nyingi: wapo wanaoufinya mshale wenyewe kwa gumba na shahada, wapo wanaouvuta upote kwa vidole vitatu, na wapo, kama Wamongolia, wanaouvuta kwa gumba lililovishwa pete. Pete za mawe za kuvutia upote zimefukuliwa pia katika makaburi ya Meroe, kule Sudan, nchi ambayo Wamisri wa kale waliijua kwa pinde zake. Binadamu hakuanza jana kuukinga mkono wake na upote. Kifyatuo ni ndugu mdogo wa pete ile ya jiwe.

Ugumu wa kuchagua, basi, haukuwa katika uhalali wa kifaa. Ulikuwa katika ugonjwa ambao wapiga upinde huuogopa kuliko upepo, nami nitauita kiherehere cha shabaha. Mtu hulenga vizuri siku za kwanza. Polepole jicho huanza kuliamuru dole: pindi tu alama ya kulengea inapogusa katikati, kidole huuchapa ulimi kwa pupa. Mwili nao hujua kwamba kishindo kinakuja, hujikaza kabla ya wakati, mkono wa kushoto hushuka, na mshale huenda kusikotakiwa. Ugonjwa ukikomaa, mtu hushindwa hata kuifikisha alama katikati; mkono hukwama pembeni kana kwamba umefungwa. Wengine huacha mchezo kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo nilipoyakumbuka majedwali yangu. Kitenzi fyata kina maana ya kubana kitu, kama mbwa anavyoufyata mkia katikati ya miguu, au kama mtu mwenye busara anavyoufyata ulimi. Tukikiingiza katika kauli ya kutendua tunapata fyatua, yaani kukiachia kwa ghafla kilichokuwa kimebanwa: mtu hufyatua mtego, hufyatua risasi, na hata mafundi wa matofali huyafyatua kutoka kwenye kalibu. Tukiendelea mbele tunapata fyatuka. Mtego umefyatuka. Nani aliufyatua? Sarufi haisemi, wala haihitaji kusema. Mvutano ulikuwapo, ukafika kikomo chake, tendo likatokea.

Tiba ya kiherehere cha shabaha, kwa maneno ya walimu wa upinde, ni kuufanya mshale uondoke bila kumwarifu mwenyewe. Kazi ya mpigaji ni kulenga na kuendelea kuvuta kwa misuli ya mgongo. Saa ya kuondoka mshale haiamui yeye. Kwa maneno yetu sisi wanaisimu, ni kuhama kutoka fyatua kwenda fyatuka. Na vifyatuo vinatofautiana hapo hapo. Kile cha kifundo humshawishi mtu afyatue, kwa kuwa kidole cha shahada ni chepesi na kimezoea kutii jicho. Kile cha bawaba na kile cha mvutano humlazimisha asubiri kifyatuke. Cha gumba kiko katikati.

Kwa mantiki hiyo ningemchagulia kaka kifyatuo cha bawaba, nikafunga daftari. Lakini mkono wake ulikuwa na la kusema. Bawaba huzunguka kwa sababu kidole cha shahada hulegea huku vidole vya upande wa pili vikiendelea kuvuta, na vidole hivyo vya upande wa pili ndivyo alivyovipoteza. Vilevile kifyatuo cha bawaba ni hatari kwa anayeanza: kikizunguka mapema, katikati ya kuvuta, upote huponyoka na ngumi ya mvutaji hurudi kinywani mwake mwenyewe. Cha gumba na cha mvutano navyo hudai kiganja kinachoshika barabara. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, ila kifyatuo cha kifundo hakidai zaidi ya kidole kimoja, na kidole hicho kaka anacho.

Hivyo nikakichagua kifyatuo cha kifundo, kisha nikatafuta namna ya kukifundisha kitenzi cha pili. Nilizingatia mambo matatu. La kwanza lilikuwa ukanda. Upo wa kunata na upo wa bakuli, ule wenye matundu kama mshipi. Nilimwomba kaka aifunge saa yangu kwenye kifundo cha kulia kwa mkono wa kushoto, mara kumi mfululizo. Alipoimudu, nikachagua ukanda wa bakuli, kwa sababu tundu ni lile lile kila siku na urefu wa kuvuta haubadiliki. Ule wa kunata leo hukazwa hivi, kesho vile. La pili lilikuwa urefu wa shingo ya kifaa, yaani kipande kinachounganisha ukanda na taya. Nilipima kwa uzi kutoka kifundoni hadi kwenye kidole cha shahada, nikatafuta kifaa ambacho shingo yake hufupishwa na kurefushwa, ili ulimi uangukie kwenye mkunjo wa kidole badala ya ncha yake. La tatu lilikuwa ulimi wenyewe: uwe wa kupinda kama ndoana, na uwe na skrubu ya kuuongezea ugumu. Ulimi mwepesi sana ni mtego kwa anayeanza. Ulimi mgumu kidogo humruhusu akizungushe kidole, akikaze kama ndoana, kisha akisahau na kuuvuta mgongo. Kidole hakisogei, kiwiko ndicho kinachorudi nyuma, na taya likafunguka.

Kilipofika, Japuonj hakumruhusu kuugusa upinde. Alimkatia kamba ya nailoni, akaifunga kitanzi chenye urefu sawa na ule wa kuuvuta upinde, akamwambia ashike ncha moja kwa mkono wa kushoto na nyingine kwa kifyatuo. Macho yafumbwe. Kwa wiki mbili kaka alivuta kamba hiyo ufuoni, mara hamsini kwa siku, katikati ya nyavu za omena zilizoanikwa, na watoto wakamcheka, kisha wakachoka kucheka. Alifunzwa pia sheria ambazo hazina mjadala: wakati wa kuvuta, kidole kikae nyuma ya ulimi, kisiuguse hadi mkono ufike chini ya taya la uso, upinde uvutwe ukiwa umeelekezwa kwenye magunia tu, na upote usiachiwe kamwe bila mshale, kwani nguvu ikikosa mshale wa kusukuma huuvunja upinde wenyewe.

Alipopewa upinde hatimaye, ulikuwa umepunguzwa uzito, na magunia yalikuwa hatua nne mbele yake, bila alama yoyote ya kulenga. Japuonj alisimama kando akirudia maneno mawili ya Kijaluo: "Weye odhi." Liache liende. Nilipomuuliza kaka iwapo alilielewa somo hilo la kutofyatua, alinitazama kama mtu aulizwaye kama analijua ziwa. "Nyavu nikizitega jioni," alisema, "sikai juu yake nikimvizia samaki wa kwanza. Kazi yangu ni kuzitega sawasawa. Samaki hunasa kwa saa yake." Nilitumia majuma mengi ya sarufi kulifikia jambo ambalo yeye alilijua tangu utotoni.

Sitadai kwamba amekuwa bingwa. Kwa umbali wa mita 20, asubuhi isiyo na upepo, mishale yake mingi hukusanyika ndani ya upana wa sahani. Alasiri, upepo wa ziwani ukivuma, sahani hiyo huwa sinia. Zipo siku ambazo kidole kinakumbuka pupa yake, naye hurudi kwenye kamba ya nailoni bila kuambiwa. Nyavu hajarudi kuzivuta, ila sasa hutoka na mashua akishika usukani. Na mkono wa kulia umetoka mfukoni. Aliwasalimu kwa huo mkono wageni wa harusi ya binamu yetu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyelazimika kumsamehe.

Nirejee kwenye jina, kwa kuwa jarida hili ni la lugha. Kiswahili hakikuukuta upinde ugenini. Tunao upote, tunayo podo ya kutilia mishale, tunalo wano ambalo ni ufito wa mshale, tunacho chembe ambacho ni ncha yake. Msamiati huo umelala kamusini kwa sababu waliouhitaji wamepungua, haujafa. Nimeona afadhali kuuongezea neno kifyatuo kuliko kuazima neno la Kiingereza na kulivisha irabu mwishoni. Dosari yake nimekwisha kuidokeza: limetokana na kitenzi chenye mtendaji, ilhali usanii wenyewe ni wa kumwondoa mtendaji. Mwenzangu mmoja wa darasani amependekeza kifyatukio. Ni neno sahihi zaidi kimaana, lakini refu, na sijui kama mtangazaji atalimudu mshale ukiwa hewani. Nawaachia wahadhiri na wanafunzi wenzangu walijadili.

Kwa yule atakayeanza mchezo huu, iwe Kisumu, Nairobi au Mombasa, nina ushauri mfupi. Asiulize kwanza ni kifyatuo kipi kilicho bora. Autazame mkono wake: una nini, umekosa nini, unaweza kufunga nini bila msaada. Kisha ajiulize ni kitenzi kipi kifaa hicho kitamfunza kila siku, mara hamsini kwa siku, kwa maana kitu kinachorudiwa hivyo hukaa mwilini. Akikosa uwezo wa kununua kile kinachomlazimisha kusubiri, anunue kile kinachomtosha, akikaze ulimi wake, na kusubiri ajifunze mwenyewe.